Kulielewa na Kulitumia Neno "Grief": Mwongozo kwa Msemaji wa Kiswahili

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayekimudu Kiswahili, anayesoma Kiingereza kwa kiasi chake, na ambaye mara kwa mara hulazimika kuandika au kufasiri jambo linalohusu kifo na huzuni. Hapa Bagamoyo watu wa namna hiyo si haba. Wapo waongoza watalii wanaoeleza habari za magofu ya Kaole na za Caravan Serai, wapo wachongaji na mafundi ngoma wenye marafiki Ulaya, wapo wanafunzi wa sanaa wanaosoma tamthilia za kigeni, na tupo sisi wenye kompyuta moja na mashine ya kunakili, ambao kazi yetu ni kuwaandikia watu barua. Kamusi ndogo humpa kila mmoja wao jibu moja tu, yaani "huzuni". Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi, kwa kuwa Kiingereza kina maneno mengi ya huzuni na kila moja lina mahali pake pa kukaa.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alinijia fundi ngoma mmoja, mtu mzima kunishinda, aliyekuwa amepata habari kwamba rafiki yake wa Uingereza, mnunuzi wa ngoma zake kwa muda mrefu, amefariki dunia. Alitaka mjane aandikiwe barua siku ileile. Niliandika kwa haraka, na katika sentensi ya pili nikaweka maneno haya: "We share your grievance." Nilidhani kwamba "grievance" ni "grief" iliyovaa koti la kiofisi. Majibu yalipofika, yule mama aliuliza kwa upole mwingi kama marehemu mumewe aliacha deni la ngoma ambalo halijalipwa, na kama ndilo tunalolilalamikia. Fundi alinitazama, nami sikuwa na la kusema. Tangu hapo nimekuwa nikilifuatilia neno hili na jamaa zake, na yafuatayo ndiyo niliyoyapata, yakiwa yamepangwa kwa hatua.

Hatua ya kwanza: litamke mpaka likae mdomoni

Neno "grief" lina silabi moja. Wengi wetu hulitia irabu pasipohitajika, tukasema "girifu" au "grifu", na msikilizaji wa Kiingereza akabaki anatafuta ni neno gani. Sauti ya g na ya r hutamkwa zikiwa zimeshikana, irabu ya i huvutwa kidogo, kisha f hukatika bila kufuatwa na irabu yoyote. Kitenzi chake ni "grieve", nacho huishia kwa sauti ya v. Mabadiliko hayo ya f na v hayapo hapa peke yake, kwani "belief" na "believe", na vilevile "relief" na "relieve", hufuata mtindo huohuo wa nomino kuwa na f na kitenzi kuwa na v. Anayeyakariri matatu hayo kwa pamoja hatakosea tena.

Hatua ya pili: ujue uzito wake

Neno hili liliingia katika Kiingereza mnamo karne ya 13 kutoka Kifaransa cha kale, na Kifaransa kililipata kutoka Kilatini, ambako "gravis" maana yake ni zito. Kwa hiyo ndani ya neno hili kuna mzigo, na hiyo ndiyo sababu Waingereza husema kwamba mtu hubeba "grief", au kwamba ameelemewa nayo. Neno "relief", ambalo nimelitaja hapo juu kwa ajili ya matamshi tu, asili yake ni "levis", neno la Kilatini lenye maana ya jepesi. Moja linatwisha, jingine linatua.

Kwetu picha hiyo haihitaji maelezo marefu, kwa kuwa jina la mji wetu husimuliwa kwamba limetokana na "bwaga moyo". Wapo wanaosema ni maneno ya wapagazi waliofika pwani na pembe za ndovu baada ya miezi ya kutembea kutoka bara, wakatua mizigo na kushusha pumzi. Wapo wanaosema ni maneno ya watumwa waliokata tamaa, wakaiacha mioyo yao upande huu kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Ugomvi huo sitauamua hapa. Ila mwongoza watalii anayetaka kumweleza mgeni jina hilo anaweza kusema kwamba maelezo ya kwanza yanahusu "relief" na ya pili yanahusu "grief", na mgeni ataelewa mara moja, hasa kwa kuwa maneno hayo mawili yana vina katika lugha yake.

Kuna mtego mmoja katika hatua hii. Kiingereza kina maneno mawili yanayoandikwa "grave". Lile la kivumishi, lenye maana ya zito au la kutia wasiwasi, ni ndugu wa damu wa "grief". Lile la nomino, lenye maana ya kaburi, ni la Kiingereza cha kale, linahusiana na kuchimba, na halina udugu wowote na neno letu. Niliwahi kumsikia kijana mmoja pale Kaole, amesimama kando ya makaburi ya kale, akiwaambia wageni kwa kujiamini kabisa kwamba "grief" imezaliwa na kaburi. Maelezo yalipendeza, na wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika, lakini hayakuwa kweli.

Hatua ya tatu: litenge na ndugu zake

Hii ndiyo hatua yenye kazi kubwa, na anayeikimbia atakosea kila siku.

Neno pana kuliko yote ni "sadness". Mtu anaweza kuwa nayo kwa sababu ya mvua, kwa sababu timu yake imefungwa, au bila sababu anayoijua. Neno "sorrow" ni zito zaidi, hukaa muda mrefu, na lina harufu ya utenzi na ya sala. Katika mazungumzo ya kawaida Mwingereza halitumii sana. Inafaa kujua kwamba "sorrow" na "sorry", ingawa yanafanana kwa sura, hayakutoka kwenye shina moja: la pili lilianza kwa maana ya maumivu, kama ya kidonda. "Grief" hutofautiana na hayo yote kwa jambo moja, nalo ni kwamba lazima kuwe na kilichopotea. Ukisikia neno hili, una haki ya kuuliza, "Amepotelewa na nini?" Mara nyingi jibu litakuwa ni mtu aliyekufa, lakini linaweza kuwa ndoa iliyovunjika, mguu uliokatwa, au nyumba ya ukoo iliyouzwa.

Kisha kuna "mourning", na hapa ndipo Mswahili ana bahati, kwa sababu jambo lenyewe analo nyumbani. Kukaa matanga, kusoma hitima, mjane kukaa eda miezi minne na siku kumi, kuhesabu arobaini: yote hayo ni "mourning", kwa sababu yana siku zake, yana mavazi yake, na jirani anayaona. "Grief" haionekani kwa jirani na haina siku ya kuanuliwa.

Nitatoa mfano nilioushuhudia. Jirani yangu mmoja, siku ya tatu baada ya mwanawe mvuvi kuzikwa, alikunja majamvi, akarudisha masufuria ya kuazima, akavihesabu vikombe vya watu mpaka vikatimia. Matanga yalikuwa yameanuliwa. Miezi minne baadaye nilimkuta barazani anashona matundu ya wavu wa yule kijana, wavu ambao hapakuwa tena na mtu wa kuutia majini. Kama ningetakiwa kuandika habari ile kwa Kiingereza, ningesema kwamba "mourning" yake ilikwisha siku ile ya vikombe, na kwamba wavu ule ndio uliokuwa "grief" yake.

Mfano wa pili unawafaa waongoza watalii. David Livingstone alifariki mwezi Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Moyo wake ulizikwa kulekule, na mwili ukabebwa na Susi, Chuma na wenzao kwa zaidi ya kilomita 1,500 mpaka ukafika Bagamoyo mwezi Februari 1874, ukalazwa kwenye misheni kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Tarehe 18 Aprili mwaka huohuo ukazikwa London, katika Westminster Abbey, mbele ya umati wa watu. Yaliyofanyika London yanaitwa "public mourning", na hakuna Mwingereza atakayekupinga. Waliotembea na mwili ule miezi tisa, kama ungetaka kueleza yaliyokuwa vifuani mwao, neno la kulitafuta ni "grief". Ni kweli kwamba magazeti ya Kiingereza huandika pia "national grief", lakini hapo taifa linafananishwa na mtu mmoja mwenye kifua chake, na mwandishi anajua kwamba anafananisha.

Neno la mwisho katika ukoo huu ni "bereavement", yaani hali ya kufiwa. Shina lake ni kitenzi cha kale chenye maana ya kunyang'anya, kwa hiyo "bereaved" ni mtu aliyeporwa. Kiswahili kimekwenda njia nyingine: kufiwa ni kifo kumtendekea mtu ambaye hakufa yeye. Nimelinganisha mara nyingi, na bado naona kitenzi chetu kimesema kwa silabi tatu jambo ambalo Kiingereza hulizungukia. Mwajiri akikupa "bereavement leave" amekupa likizo ya kufiwa. Hakuna anayeiita "grief leave" katika mkataba, kwa sababu mkataba hauna namna ya kupima kilichomo moyoni.

Hatua ya nne: lipange katika sentensi

Kwa kawaida "grief" haihesabiwi. Huzidi na hupungua kama maji, hivyo tunasema "much grief" au "great grief", wala hatusemi "many griefs". Wingi wake upo katika maandishi ya kifasihi, lakini anayejifunza na auache hapohapo.

Viunganishi vyake vinahitaji uangalifu. Ukitaja aliyepotea, tumia "for": "her grief for her son". Ukitaja tukio lenyewe, tumia "at" au "over": "his grief at the news", "their grief over his death". Aliyezidiwa huwa "overcome with grief", na kivumishi kinachotumika sana magazetini ni "grief-stricken", yaani aliyepigwa na huzuni ya msiba.

Kitenzi ndicho kinachotuangusha. Tunaposema "alifiwa na mwanawe", tumeweka kiambishi cha kutendwa, na mkono huvutwa kuandika "she was grieved by her son". Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, ila maana yake ni kwamba kijana yu hai na amemhuzunisha mama yake kwa mwenendo mbaya. Andika "she lost her son", au "her son died", kisha, ukitaka kusema yaliyofuata, "she is still grieving for him".

Hatua ya tano: jihadhari na jamaa wenye tabia nyingine

Nimekwisha kulipia "grievance", na sitaki msomaji alipie tena. Maana yake ni malalamiko, hasa ya mtu anayeona amedhulumiwa. Utaliona kwenye kanuni za kazi, kwenye vyama vya wafanyakazi, na kwenye habari za ardhi. Mzigo wa kale bado umo ndani yake, lakini ni mzigo uliotwishwa na mtu mwingine, na mwenye nao anataka haki itendeke. Ndugu yake "grievous" huonekana zaidi kwenye sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika nakala yake ya Kiingereza, inalo kosa la "grievous harm", ambalo ni kumletea mtu madhara makubwa ya mwili. Anayelifasiri kuwa "madhara ya huzuni" atachekwa mahakamani.

Ipo pia misemo mitatu ambayo haina msiba ndani yake hata kidogo. "To come to grief" ni kuharibikiwa: chombo kilichopanda mwamba, au biashara iliyofilisika, vyote vinaweza kusemwa hivyo, hata kama hakuna aliyekufa. "Good grief!" ni mshangao, kama sisi tunavyosema "Lo!" au "Masalale!", na hautakiwi kabisa kwenye nyumba ya msiba. "To give someone grief" ni kumsumbua mtu kwa maneno, kumgombeza mpaka akachoka. Vijana wanaocheza michezo ya kompyuta kwa intaneti wanalijua jambo la nne, kwani wao humwita "griefer" mchezaji ambaye hakuja kushinda, kaja kuwaharibia wenzake. Nilipolisikia kwa mara ya kwanza nilidhani mpwa wangu ananitania.

Hatua ya sita: chagua neno la Kiswahili kwa kutazama hali

Hatua hii haina kanuni moja, na anayedai anayo hajafasiri vya kutosha. Nitasema ninavyofanya mwenyewe.

Kwanza naliondoa "msiba". Msiba ni tukio, na hutokea nyumbani kwa watu. "Grief" hutokea ndani ya mtu. Ukisoma "she hid her grief", huwezi kuandika kwamba aliuficha msiba wake, kwa sababu msomaji atadhani alizika kwa siri. Vivyo hivyo naliondoa "kilio" na "maombolezo", ambayo yana sauti na yanasikika njiani, na kwa hiyo ni mali ya "mourning".

Yanayobaki ni mengi, na utajiri huu hutufanya tuzembee. "Huzuni" nalitumia pale ambapo mwandishi wa Kiingereza mwenyewe hakusisitiza. "Majonzi" limezoeleka sana katika matangazo ya vifo, hivi kwamba halimshtui tena msikilizaji wa redio, na kwa hiyo nalihifadhi kwa maandishi rasmi. "Simanzi" ni huzuni inayoonekana usoni mwa mtu aliyenyamaza. "Jitimai" ni zito na zuri, lakini kwa wasomaji wengi wa leo ni neno la washairi. "Ukiwa" nalichagua pale ambapo kinachosemwa ni ule utupu anaouacha marehemu, kiti kisichokaliwa na jina lisiloitwa tena. "Kihoro" ndilo ambalo kwa maana ya kamusi linaikaribia "grief" kuliko yote, kwa kuwa nalo hudai pawe na kilichopotea. Tatizo lake ni kwamba masikioni mwa wazee lina ule mshtuko wa kwanza, wakati habari inapoingia na miguu ikaishiwa nguvu. Na lipo "uchungu", neno la kila siku lisilojivuna, ambalo wakati mwingine huyashinda yote. Methali haikusema jitimai ya mwana aijuaye mzazi.

Mahali ambapo wasomaji wa mtandaoni hukutana na neno hili kwa wingi ni katika makala za afya ya akili, na hapo inafaa kujua mambo mawili. La kwanza ni yale yanayoitwa "stages of grief". Mwaka 1969 daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alieleza hatua tano, ambazo kwa Kiswahili naweza kuziita kukana, hasira, kujadiliana na majaaliwa, sonona, na kukubali. Aliziona kwanza kwa wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Baadaye ndipo zilipopanuliwa kuwahusu waliofiwa, na si kila mtu huzipitia, wala hazifuatani kama ngazi za nyumba. Anayefasiri asiziandike kama ratiba.

La pili ni "prolonged grief disorder", ambayo mwaka 2022 iliingizwa katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani. Inahusu mtu ambaye, baada ya miezi 12 au zaidi tangu afiwe, bado ana uchungu mkali wa karibu kila siku unaomzuia kuishi maisha yake; kwa watoto muda huo ni miezi 6. Hapa sitii neno "sonona", kwa kuwa hilo hutumika kwa ugonjwa mwingine. Naandika "maradhi ya huzuni ya kufiwa iliyorefuka". Ni maneno mengi, na sioni namna ya kuyapunguza bila kumdanganya mgonjwa.

Hatua ya saba: andika rambirambi, na ulitumie neno hili kwa nadra

Baada ya kulijua neno vizuri, ushauri wangu ni kwamba katika barua ya rambirambi usilikimbilie. "Grief" ni ya yule aliyefiwa. Ukiwa mtu wa mbali na ukaandika "I understand your grief", Waingereza wengi watahisi kwamba umeingia chumbani bila kubisha hodi. Ukiandika "my deepest griefs", utakuwa umetafsiri "rambirambi zangu za dhati" kwa neno lisilo lake. Lake ni "condolences", na ndilo linalokwenda kwa wingi.

Neno letu "pole" halina mwenzake. Kilicho karibu nalo ni "I am so sorry for your loss", na usiogope kwamba "sorry" itamaanisha umekiri kosa. Maneno hayo yakikaa pamoja hakuna anayeyaelewa hivyo. Jambo la kuogopa ni kufasiri neno kwa neno yale tunayofarijiana kwayo barazani. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni faraja kwetu, na mara ngapi tumeisikia tukainamisha vichwa. Ikifika kwa mtu asiyeshiriki imani hiyo, akiwa bado hajamaliza hata kupanga nguo za marehemu, inaweza kusomeka kama kwamba tumekiona kifo kile kuwa sawa. Usiulize pia marehemu aliugua nini na alilala hospitali kwa siku ngapi. Kwetu kuuliza ni kujali, lakini kwa barua ya kwanza kwenda kule subiri aeleze mwenyewe.

Kinachofaa kuchukua nafasi kubwa ya barua ni jambo moja unalomkumbukia marehemu, dogo na la kweli. Barua ya pili niliyoandika kwa niaba ya fundi ngoma, baada ya kuomba radhi kwa ile ya kwanza na kueleza kwamba hakuna deni lolote, ilikuwa na sentensi nne tu. Ya kwanza ilisema "Please accept our condolences on the death of your husband." Ya pili na ya tatu zilieleza jinsi marehemu alivyokuwa akikaa juu ya gogo la mkorosho karakana, viatu kavua, akisubiri ngozi ikauke juani na kukataa kwenda hotelini kula mpaka ameipiga ngoma mwenyewe. Ya nne ilisema "We are thinking of you in your grief." Hapo neno lilikaa, kwa sababu tulikwisha kuonyesha kwamba tulimjua mtu anayeliliwa, na kwa sababu hatukudai kwamba mzigo ule ni wetu, tulisema ni wake, na kwamba sisi tunamfikiria akiwa nao.

Jibu lilichukua wiki tatu. Lilikuwa refu, na ndani yake mjane alilitumia neno hilo mara mbili: mara ya kwanza akieleza asubuhi ile aliyopigiwa simu na hospitali, na mara ya pili akieleza kwamba bado hawezi kuingia chumba chenye ngoma. Niliifasiri barua kwa maandishi ili fundi aende nayo nyumbani, na katika sehemu zote mbili nikaandika "kihoro", nikijisifu moyoni kwa kulipata neno. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, akasimama kwenye mstari wa chumba cha ngoma.

"Mwalimu," akasema, "hiki kihoro cha kwanza sawa. Hiki cha pili sicho. Kihoro humpiga mtu, kikapita. Huyu mama mlango haujafunguka mpaka leo."

Nikamwomba anipe neno lake.

"Andika uchungu," akasema, akanisukumia karatasi.

Nikakikata kihoro cha pili kwa kalamu, nikaandika uchungu juu yake, na barua akaondoka nayo hivyohivyo ikiwa na mkato.